Namna ya Kutengeneza Kitabu cha Picha cha Nyimbo za Watoto na Kukisoma Pamoja na Mtoto

Mtoto wa miaka miwili anapokishika kitabu juu chini, akapitisha kidole juu ya ukurasa na kuimba wimbo wote mpaka mwisho bila kukosea, watu wazima hucheka na kusema anajifanya kusoma. Mimi nasema ameshaanza kusoma. Ameelewa kwamba zile alama zilizo chini ya picha zina maneno ndani yake, na maneno yenyewe anayajua kwa sababu amekwisha kuyaimba mara nyingi. Hiyo ndiyo sababu ninaamini kwamba kitabu cha nyimbo kinapaswa kutangulia vitabu vingine vyote katika nyumba yenye mtoto mdogo: hadithi mpya humtaka mtoto asikilize asichokijua, lakini wimbo alioimbiwa akiwa mgongoni mwa mama yake humpa ukurasa ambao tayari ni wake.

Mwongozo huu ni kwa mzazi, mlezi au mwalimu wa chekechea anayetaka kutengeneza kitabu cha namna hiyo kwa vitu vilivyomo ndani ya nyumba, yaani maboksi, manila, vipande vya kanga, gundi na uzi, kisha akakisoma na mtoto kwa njia itakayomnufaisha.

Hatua ya kwanza: kusanya nyimbo kabla ya kushika mkasi

Kaa na bibi, shangazi au mtu yeyote wa familia aliyewahi kulea, umwombe akuimbie nyimbo alizoimbiwa alipokuwa mdogo, na uzirekodi kwenye simu. Muulize pia wimbo huo uliimbwa wakati gani: wa kubembeleza, wa kucheza mbalamwezi, wa kutwanga, wa kumwogesha mtoto? Yaandike maneno kama alivyoyatamka. Nyimbo za watoto hubadilika kutoka mtaa hadi mtaa, na wewe huenda uliusikia wimbo uleule kwa maneno mengine shuleni, lakini kitabu hiki ni cha nyumba yenu, kwa hiyo usiusahihishe wimbo wa bibi.

Nyimbo tano zinatosha kwa kuanzia. Ningependa mmoja uwe wa kubembeleza, mmoja wa mchezo wa duara, mmoja wa kuhesabu vidole, mmoja wa kuitikiana, na mmoja wa lugha ya nyumbani ikiwa mna lugha nyingine, iwe Kisukuma, Kidigo, Kichaga au Kikamba. Familia zilizo mbali, kwa mfano Muscat au London, ambako mtoto hukisikia Kiswahili kwa watu wawili watatu tu, ziombe rekodi kutoka kwa bibi aliyeko nyumbani, ili mtoto afungue kitabu huku anasikia sauti yake.

Kuna nyimbo ninazoshauri ziachwe. Zipo zinazomtisha mtoto anayelia kwamba atachukuliwa na zimwi, na zipo zinazomdhihaki kilema. Katika kuimba, neno la kutisha hupita na kusahauliwa kwa sababu mtoto yuko kifuani pa mtu anayemwamini, lakini ukilichorea picha, picha hubaki pale ukurasani hata taa inapozimwa.

Hatua ya pili: tazama umri wa msomaji wako

Mtoto mchanga huona vizuri zaidi kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30 hivi kutoka usoni pake, ambao ni takriban umbali wa uso wa mama anayenyonyesha, na huvutwa na rangi zinazopingana sana kama nyeusi na nyeupe. Kwake yeye picha moja kubwa kwenye ukurasa inatosha. Mtoto wa miezi sita hupeleka kila kitu mdomoni, na kitabu hakitasalimika, hivyo mtengenezee cha kitambaa. Akifika mwaka mmoja hivi hupenda kugeuza kurasa nene. Wa miaka miwili hulijua neno linalofuata na hutaka kulisema yeye. Wa miaka mitatu hadi mitano anaweza kukaa na kijitabu cha karatasi chenye beti kadhaa, na akashiriki katika kukichora.

Wazazi wengi huniuliza kama video za nyimbo kwenye simu hazitoshi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019 kuhusu watoto walio chini ya miaka mitano, lilishauri kwamba mtoto ambaye hajafikisha miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini, na kwamba kuanzia miaka miwili hadi minne muda huo usizidi saa moja kwa siku; wakati mtoto ametulia, lilihimiza kumsomea na kumsimulia hadithi. Nami naongeza jambo moja ninaloliona kila siku: video haimsubiri mtoto, ilhali kitabu humsubiri.

Hatua ya tatu: ukate wimbo katika kurasa

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo vitabu vingi vya nyimbo, hata vya kununua, huharibika, kwa sababu mtengenezaji huuweka wimbo mzima kwenye ukurasa mmoja na kuupamba kwa picha pembeni. Mtoto hawezi kujua picha ipi ni ya neno lipi.

Tuchukue wimbo wa ukuti, unaojulikana kotekote: "Ukuti, ukuti, wa mnazi, wa mnazi, ukipata upepo, watete, watete, watetemeka." Watoto hushikana mikono, huzunguka, na kwenye neno la mwisho hutetemeka mpaka wakachuchumaa. Maneno ni machache mno, lakini yametosha kurasa tano. Ukurasa wa kwanza una ukuti peke yake, umechorwa kwa karibu mpaka mistari ya jani inaonekana. Wa pili una mnazi mzima, ili mtoto auone ukuti ule ukiwa mahali pake. Wa tatu una upepo, na upepo hauchoreki, kwa hiyo chora kazi yake: mnazi umepinda, tanga la dau limejaa, kanga iliyoanikwa kwenye kamba imepeperuka. Wa nne una maneno "watete, watete" na hauna zaidi. Mtoto anangoja. Ukigeuza, ukurasa wa tano una "watetemeka", na ukuti umechorwa mara tatu mara nne kwa mistari hafifu ili uonekane unatikisika, na chini ya mti watoto wamechuchumaa. Kanuni ninayoifuata ni kugeuza ukurasa pale ambapo wimbo unashika pumzi.

Zingatia pia kwamba wimbo huu una maneno yanayoweza kumpotosha mtoto. Katika "ukipata upepo" na "watetemeka", kinachopata upepo na kutetemeka ni ukuti, na ile "wa" ya mwanzo ni ya ukuti, kwa namna ya kusema iliyozoeleka pwani. Mtoto, na hata mtu mzima wa bara, husikia kwamba ni wewe unayepata upepo, na kwamba wanaotetemeka ni watu. Maelezo ya sarufi hayatamfaa mtoto wa miaka mitatu, lakini picha ya ukuti unaotikisika inamaliza jambo hilo mara moja. Kwa mtoto wa Dodoma au Eldoret ambaye hajawahi kuuona mnazi, mletee ufagio wa chelewa, umwambie kwamba njiti hizi zilitolewa kwenye majani ya mti huu. Akishaigusa njiti, wimbo una kitu ndani yake.

Hatua ya nne: panga ukurasa kama kanga

Ukiwa hujui maandishi yakae wapi na picha ikae wapi, tandika kanga mezani uitazame. Ina pindo linaloizunguka, ina mji katikati, na chini ya mji kuna jina, yaani yale maneno yake. Ukurasa wa kitabu cha mtoto hauhitaji mpango bora kuliko huo. Picha iwe mjini, kubwa na ya pekee, na mstari mmoja wa wimbo ukae mahali pa jina, kila ukurasa mahali palepale, ili jicho la mtoto lisihangaike kuutafuta. Pindo unaweza kuliacha jeupe. Rangi nyingi pembeni humwondoa kwenye picha.

Andika kwa herufi ndogo za kawaida zilizo wima, si za kuunganisha, na mwanzo wa sentensi tu uwe na herufi kubwa, kwa kuwa hivyo ndivyo atakavyoziona kwenye vitabu baadaye. Kimo cha sentimita moja au zaidi kinafaa. Acha nafasi ya kutosha kati ya neno na neno. Usiyakate maneno marefu kwa vistari vya silabi. Kazi ya kuzitenga silabi ifanywe na viganja. Karibu kila silabi ya Kiswahili huishia kwa irabu, kwa hiyo mtoto anaweza kupiga makofi wa-te-te-me-ka bila kufundishwa na mtu.

Hatua ya tano: chora, hata kama hujui kuchora

Somo zuri la uchoraji wa vitabu vya watoto liko kwenye picha za Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia vibao vya mraba na rangi za mafuta, akamweka mnyama mmoja mkubwa akajaza kibao chote, na nyuma yake rangi moja tu. Macho ya mtoto mdogo yanataka hivyohivyo. Ng'ombe mmoja aliyejaza ukurasa ni bora kuliko zizi zima la ng'ombe wadogo.

Asiyejiamini kabisa akate picha kwenye kalenda za zamani, magazeti na pakiti za bidhaa, au aprinti picha za simu kwenye steshenari iliyo karibu. Wimbo unaomtaja bibi upate picha ya bibi mwenyewe. Mtoto wa miaka mitatu na kuendelea apewe kazi yake: apake rangi ya bahari, achovye kidole kwenye rangi na kuchapa madoa ya chui. Ukurasa alioupaka yeye ndio ataufungua kwanza.

Hatua ya sita: unganisha kitabu

Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, kata vitambaa vya pamba vya mraba wa sentimita 20, ushone viraka vya kanga au kitenge kwa maumbo ya samaki, jua au kuku, kisha uvishone vitambaa pamoja upande mmoja kwa mshono wa kurudia. Usitie vifungo wala shanga, kwa sababu zinang'oka na kumezwa. Kitabu hiki kitafuliwa kama nepi, na ni lazima kifuliwe.

Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili, tumia boksi gumu la sabuni au la biskuti. Kata vipande vya sentimita 15 kwa 15, zungushia pembe kwa kufuata ukingo wa sarafu, kisha ubandike karatasi nyeupe yenye picha pande zote mbili. Gundi ya unga inafaa: koroga kikombe kimoja cha unga wa ngano kwenye maji baridi mpaka pasiwe na madonge, ongeza maji yafike vikombe vinne, upike kwa moto mdogo huku unakoroga mpaka uwe uji mzito, uache upoe. Paka safu nyembamba. Kitabu changu cha kwanza nilikipaka gundi nyingi na kukifunga kabla hakijakauka. Baada ya siku tatu kurasa zilikuwa zimegandana, zimeota ukungu, na mende wameanza kutafuna pembeni. Tangu hapo kila kipande hukilaza peke yake chini ya kitu kizito, hukibadilisha upande, na hukipa siku nzima ya kukauka, kisha hukivalisha plastiki ya kufunikia vitabu au selotepu pana. Toboa matundu mawili upande wa kushoto na ufunge kwa utepe mfupi wa kanga, fundo likazwe na ncha zikatwe fupi.

Kwa mtoto wa miaka mitatu na zaidi, chukua karatasi nne za A4, zikunje pamoja katikati, uweke manila nje kama jalada. Utapata kurasa 16. Fungua katikati, toboa matundu matatu kwenye mkunjo kwa shazia, yaani sindano nene: moja katikati, moja juu, moja chini. Ingiza uzi kutoka ndani kupitia tundu la katikati utoke nje, rudi ndani kupitia tundu la juu, uruke katikati ukatoke nje kupitia tundu la chini, kisha uingie tena ndani kupitia tundu la katikati. Ncha mbili zitakutana ndani. Zifunge juu ya uzi mrefu unaopita hapo. Mshono huu haufumuki, na hauchomi vidole kama pini za stepla, ambazo sizitaki kabisa kwenye kitabu cha mtoto.

Ambaye hana nafasi ya kutengeneza asivunjike moyo. Maktaba Kuu iliyo Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam, na matawi ya maktaba za umma mikoani na huko Kenya, hukaribisha watoto. Kwenye intaneti, mradi wa African Storybook, ulioanzishwa mwaka 2014 na shirika la Saide la Afrika Kusini, una vitabu vingi vya picha vya Kiswahili vyenye leseni huria, ambavyo unaruhusiwa kuvipakua, kuviprinti na hata kuvitafsiri kwa lugha yenu.

Hatua ya saba: kisome

Siku ya kwanza imba wimbo bila kitabu, huku mnacheza. Siku ya pili kaa chini, mtoto awe mapajani mgongo wake ukiwa kifuani kwako ili nyote wawili muutazame ukurasa mmoja, imba taratibu kuliko kawaida, na usigeuze mpaka macho yake yaondoke kwenye picha. Siku zinazofuata anza kupitisha kidole chini ya maneno unapoyaimba. Usiyaeleze. Kidole kinatosha kumwonyesha kwamba maneno huanzia kushoto kwenda kulia na kwamba neno refu kinywani ni refu pia kwenye karatasi.

Wimbo ukishamkaa, nyamaza kabla ya neno la mwisho. "Watete, watete…" na ukae kimya, hata ukimya ukiwa mrefu kuliko ulivyozoea. Mwanzo atakutazama usoni. Siku moja atalisema yeye, na sauti yake itakuwa tofauti na ile ya kuitikia tu, kwa sababu amelitoa mwenyewe. Kuanzia hapo ongeza mapengo polepole, mpaka ufike wakati ambapo wewe ndiye unayegeuza kurasa na yeye ndiye anayesoma.

Usimgeuzie kitabu kuwa mtihani. Mzazi anayeuliza "Hii nini? Na hii? Rangi gani?" kila ukurasa huukata wimbo vipande, na mtoto hushuka mapajani akaenda zake. Swali moja kwa kikao kimoja linatosha, tena liwe la kweli, ambalo wewe pia huna jibu lake: "Unadhani huyu mtoto aliyechuchumaa anaitwa nani?" Akitaka kusimama kutetemeka pamoja na ukuti, asimame. Akitaka kitabu kilekile kwa siku kumi mfululizo, msomee siku kumi. Anachokitafuta ni uhakika kwamba ukurasa husema jambo lilelile kila unapofunguliwa, na uhakika huo ndio msingi wa maandishi.

Darasani, ambako watoto ni wengi, fanya kitabu kikubwa cha manila na ukishike ubavuni mwako kikiwatazama. Mchezo wa "nyama, nyama, nyama" hufaa sana hapo: kila ukurasa una mnyama mmoja, unaufunua ghafla, na watoto huruka wakiitikia ikiwa analiwa, au hutulia kimya ikiwa haliwi. Chagua wanyama ambao nyumba zote za darasa lako zinakubaliana juu yao, mbuzi na ng'ombe upande mmoja, paka na simba upande mwingine, ili mtoto yeyote asijikute anachekwa kwa mila ya kwao.

Hatua ya nane: tungeni wimbo wenu

Familia ikishazoea, kitabu hutaka wimbo mpya. Tunga mistari ya mizani nane, kama ilivyo kipande cha shairi, na vina vifanane, kwa maana sikio la mtoto hulishika neno kwa kina chake. Huu niliutunga kwa ajili ya watoto waliokuwa wakilisha kuku kila asubuhi:

Kuku katoka bandani,
vifaranga mkiani,
wafukua uwanjani,
wanamtafuta nani?

Kila mstari ulipata ukurasa wake. Ukurasa wa tano haukuandikwa kitu; ulikuwa na udongo wa kahawia kuanzia pindo mpaka pindo, na mchwa mmoja katikati. Watoto walilitoa jibu kwa kelele kabla sijaufunua wote, na siku ya pili mmoja wao akaleta mchwa wa kweli ndani ya kiberiti.

Kwa sababu hiyo, unaposhona, acha kurasa mbili tupu mwishoni. Mtoto akianza kuimba maneno yasiyojulikana yametoka wapi wakati anaoga au anafukuza kuku, chukua kalamu uyaandike pale kama alivyoyasema, na tarehe, kisha umpe rangi achore mwenyewe juu yake.